Kaboni ya mafuta inatoka wapi?

Sura ya mafuta katika vitabu tulivyosomea Bukavu, mashariki mwa Kongo, huanza katikati ya safari. Asetili-CoA, molekuli inayoleta kaboni mbili-mbili za kujengea mafuta, imeshafika, imekaa kwenye kona ya kushoto ya mchoro, na kutoka hapo mishale inaanza: kaboni mbili, nne, sita, hadi kumi na sita. Wanafunzi huikariri hiyo mishale, hufanya mtihani, hupita. Nyuma ya ile kona hakuna anayechungulia.

Aliyenifanya nichungulie ni mama yangu. Ametulea kwa kuuza mawese, mafuta ya ngazi, yaani mchikichi, katika soko la Kadutu, mawese yanayopanda kutoka upande wa Uvira na Fizi. Jioni moja alinisikia nikirudia somo kwa sauti, akauliza, "Sasa ile mafuta inatokaka wapi? Ngazi inanyonyaka mafuta mu udongo?"

"Hapana, Mama. Mti unaitengeneza kwa sukari."

Hakuridhika. "Basi juu ya nini muwa haina mafuta? Si iko na sukari kuliko yote?"

Siku hizi nafundisha biolojia na kemia katika shule ya sekondari hapa mjini, na katika yote niliyoulizwa chuoni na darasani bado sijakutana na swali lililopangwa vizuri kuliko hilo. Mmea mmoja una sukari tele na hautoi mafuta. Mwingine hupokea sukari ileile kutoka kwenye majani yake na kuigeuza karibu yote. Tofauti yao iko kwenye vimeng'enya vichache vinavyofanya kazi kabla ya mishale ya kitabu kuanza, vile vinavyoleta malighafi ya asidi za mafuta. Nimevifuatilia kwa muda mrefu, na ninaandika hapa kwa ajili ya walimu wenzangu na kwa mwanafunzi yeyote ambaye ameshachoka kukariri mishale.

Cha kwanza nilichojifunza ni kuanza na kuta. Kabla ya kuandika jina la kimeng'enya chochote ubaoni, nachora seli ya mmea: mitokondria hapa, plastidi pale, na sitozoli, ule ute unaozizunguka. Kila chumba nakizungushia utando wake. Halafu nawaambia wanafunzi washike neno moja: asetili-CoA haipenyi hata utando mmoja kati ya hizo. Ni kaboni mbili tu za asetili, lakini zimebebwa na koenzaimu A, molekuli kubwa yenye chaji ambayo Fritz Lipmann aliigundua miaka ya 1940 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1953. Feodor Lynen wa Munich ndiye aliyeonyesha mwaka 1951 kwamba ile asetati yenye nguvu ambayo wanakemia walikuwa wakiitafuta ni asetili-CoA yenyewe. Seli haina njia ya kuipitisha nzima kutoka chumba hadi chumba. Ikihitajika mahali, lazima itengenezwe palepale.

Na mmea unaihitaji wapi? Kwa mnyama na kwa kuvu, asidi za mafuta hujengwa katika sitozoli. Kwa mmea hujengwa ndani ya plastidi: kloroplasti ndani ya jani, na plastidi zisizo za kijani ndani ya mbegu nyingi na katika nyama ya tunda kama ngazi. Mwaka 1979 John Ohlrogge, David Kuhn na Paul Stumpf walitenganisha sehemu za seli za jani la spinachi na kuitafuta ACP, protini inayoushika mnyororo wa mafuta wakati unarefuka. Waliikuta kwenye kloroplasti. Ukishajua hilo, majibu mengi ya haraka yanaanguka. Mitokondria hutengeneza asetili-CoA nyingi kila dakika, lakini inafungiwa humo na kuchomwa humo. Swali la mama yangu likawa limepungua ukubwa, na kwa hiyo likawa kali zaidi: ndani ya plastidi, ni kimeng'enya gani kinachoitengeneza?

Nilipokuwa nikitayarisha kazi yangu ya mwisho wa masomo, nilikuwa nakwenda Lwiro, chini ya milima ya Kahuzi, kwenye kituo cha utafiti kilichojengwa enzi za Wabelgiji. Kila aliyesoma sayansi Bukavu anaijua ile barabara, vumbi lake wakati wa kiangazi na matope yake wakati wa mvua, na anaijua ile maktaba. Ni kipindi hicho nilipoanza kufuatilia kazi za Stumpf tangu mwanzo wake. Alikuwa mwanakemia wa California ambaye alichagua mafuta ya mimea wakati wenzake wengi wamezama kwenye maini ya njiwa na panya. Mwaka 1957 yeye na Barber walionyesha kwamba chembechembe zilizotolewa katika nyama ya avoka zinaweza kujenga asidi ndefu za mafuta kutokana na asetati. Avoka! Tunda ambalo watoto wa Kivu hulila njiani na chumvi kidogo. Kuliona katika historia ya elimu hii kulinipa moyo ambao siwezi kuueleza kwa maneno machache.

Asetati ni kitu chepesi, ndiyo asidi ya siki, na ina njia ya kuingia kwenye plastidi. Ndani yake kuna kimeng'enya kinachoipokea, asetili-CoA sintetasi: huchukua asetati, huchukua koenzaimu A, hutumia ATP, ile molekuli inayobeba nishati ya seli, na asetili-CoA inapatikana. Wanasayansi walipozipa kloroplasti za spinachi asetati yenye kaboni 14, kaboni inayoacha alama ya mnururisho, alama ilionekana haraka ndani ya asidi za mafuta. Kwa miaka mingi watu wengi walichukulia kwamba njia ndiyo hiyo. Nilipompelekea msimamizi wangu maelezo hayo, aliyasoma yote, akavua miwani, akaniuliza, "Hapa ni mtafiti ndiye anayetoa asetati. Shambani nani anaitoa?"

Nilitembea na swali hilo wiki nzima, na nililielewa nikiwa Kadutu. Ukimpa mama muuza mawese bidoni ya mawese ya bure, ataipokea na ataiuza siku hiyohiyo, tena vizuri. Umeona kwamba anaweza kuuza ulicholeta. Bado hujaona bidoni zake za kila wiki huletwa na nani.

Nadhani hili ndilo lenye thamani kuliko yote niliyopata katika safari hii, na nimelitumia mbali sana na kemia. Kitu kinachopokelewa haraka unapokitoa wewe hakiwi, kwa sababu hiyo tu, ndicho chakula cha kawaida cha mpokeaji. Ili kujua mmea unatumia nini, lazima uuache ule chakula chake wenyewe, halafu uangalie. Ndivyo walivyofanya Bao, Ohlrogge na wenzao katika kazi waliyoichapisha mwaka 2000: waliyapa majani hewa ya ukaa yenye alama, mwanga ukiwaka, jani likifanya usanisinuru wake kama kawaida, wakafuatilia alama inaingia wapi na kwa kasi gani. Hifadhi ya asetati iliyomo ndani ya jani haikuonekana kuwa kituo kikuu kati ya hewa na mafuta. Mwaka huohuo kundi lingine, Ke na wenzake, lilitazama mbegu changa za Arabidopsis, ule mmea mdogo wa maabara. Jeni za piruvati dehidrojenasi ya plastidi, kimeng'enya kinachoigeuza piruvati, ile molekuli ya kaboni tatu inayopatikana sukari inapovunjwa, kuwa asetili-CoA, zilipanda na kushuka pamoja na ujenzi wa mafuta. Jeni ya asetili-CoA sintetasi haikufuata mkondo huo. Baadaye, mwaka 2002, mimea ambayo sintetasi yake ilikuwa imepunguzwa sana iliendelea kujenga asidi zake za mafuta kutokana na hewa ya ukaa, ingawa asetati ya kupewa ilishindwa kuitumia vizuri.

Mwaka 2003 likaja jaribio ambalo ninalipenda kwa ukali wake. Lin, Behal na Oliver walivunja jeni ya kipande kimoja cha piruvati dehidrojenasi ya plastidi, kile kiitwacho E2. Viinitete ambavyo havikuwa na nakala nzima ya jeni hiyo vilikufa mapema, ndani ya mbegu. Sintetasi ipo, mitokondria ipo, sukari ipo, na bado kiinitete kinakufa. Hakuna aliyeweza kushika nafasi yake.

Wanafunzi wangu huuliza kama basi ile sintetasi ni ya bure. Hapana. Asetati hutokea ndani ya seli kwa njia kadhaa, hasa mmea unapokosa hewa ya kutosha, na lazima pawe na wa kuiokota. Na kuna mleta-asetili mwingine ambaye watu humsahau: ATP-sitrati liasi. Huyu anakaa sitozolini. Anaikata sitrati iliyotoka mitokondria na kutoa asetili-CoA, lakini ile ya sitozoli, ambayo inatumika kurefusha minyororo mirefu mno ya nta inayofunika majani, na kujenga steroli na rangi za maua. Basil Nikolau, Eve Wurtele na wenzao walipompunguza katika Arabidopsis, walipata mimea midogo sana isiyo na nta ya kutosha. Kila chumba na mletaji wake. Ndiyo maana nachora kuta kwanza.

Turudi kwenye piruvati dehidrojenasi yenyewe, maana ni kimeng'enya kinachostahili heshima. Ni jumba zima la protini, na vipande vyake hupokezana mzigo. E1 hushika piruvati kwa msaada wa thiamini, vitamini B1 ileile ambayo wagonjwa wa beriberi wameikosa, na kuikata kaboni moja ambayo hutoka kama hewa ya ukaa. E2 ina mkono mrefu wa asidi ya lipoiki unaozichukua kaboni mbili zilizobaki na kuzipandisha juu ya koenzaimu A. E3 huuandaa mkono huo upya kwa kazi inayofuata na kutoa NADH, molekuli inayobeba elektroni za kutumika kwenye ujenzi. Mmea unayo majumba mawili ya namna hii, moja mitokondria na moja plastidi. Lile la mitokondria huzimwa na kuwashwa kwa kubandikwa fosfati. Lile la plastidi halizimwi hivyo. Lenyewe linapenda mazingira yenye alkali na magnesiamu ya kutosha, na hayo ndiyo mazingira ya ndani ya kloroplasti jua linapowaka, wakati pH inapokaribia 8. Kwa hiyo kwenye jani, mwanga wenyewe huliandalia kazi.

Sasa ngazi na muwa. Nilipata jibu la kumpelekea mama yangu kutoka kwa watu waliolinganisha ngazi na ndugu yake wa karibu, mtende. Mwaka 2011 Bourgis na wenzake walichapisha kazi hiyo. Nyama ya ngazi iliyokomaa inaweza kufikia mafuta asilimia 90 ya uzito wake mkavu. Nyama ya tende karibu yote ni sukari. Ni miti ya ukoo mmoja, yenye matunda yanayofanana kwa umbo, na yote miwili inaleta sukari kutoka kwenye majani. Walihesabu jumbe za jeni katika matunda yakiwa yanakua. Vimeng'enya vya mwisho, vile vinavyofunga asidi tatu za mafuta kwenye gliseroli, havikutofautiana sana. Tofauti kubwa ilikuwa mbele, kwenye kuleta: kuvunja sukari kuelekea piruvati, kuipitisha kwenye plastidi, kuigeuza asetili-CoA, kuanza mnyororo. Jeni inayoziamuru nyingi kati ya hizo, WRI1, ilikuwa na jumbe mara 57 zaidi katika ngazi kuliko katika tende.

WRI1 ilikuwa imeshajulikana kutoka Arabidopsis. Focks na Benning walieleza mwaka 1998 mmea ambao mbegu zake zilikunjamana kwa sababu mafuta yalikuwa yamepungua kwa asilimia 80. Sukari ilikuwa inafika, ila haikuvushwa kuwa mafuta. Na mwaka 2007 kundi la Benning lilionyesha kwamba ukiharibu kimeng'enya kimoja tu kilicho hatua moja nyuma, piruvati kinasi ya plastidi, mafuta ya mbegu hushuka kwa asilimia 60.

Nilimweleza Mama hivi: ngazi na tende zote zinaletewa sukari, lakini ndani ya ngazi kuna wafanyakazi wengi mno wa kuivunja na kuisukuma upande wa mafuta, na ndani ya tende hawapo wa kutosha, muwa nao umepangwa kuiweka sukari yake kama ilivyo. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe ni wingi wa wale wanaoleta." Sikuweza kulisema vizuri zaidi.

Nchi yetu ina nafasi yake katika habari ya ngazi, nami huwa siwaachi wanafunzi wangu waondoke bila kuijua. Ni Yangambi, kwenye kituo cha utafiti cha kilimo kando ya mto Kongo, ambako Beirnaert na Vanderweyen walionyesha mwaka 1941 kwamba unene wa gamba la kokwa hurithiwa kupitia jeni moja. Ukichavusha ngazi ya aina ya dura, yenye gamba nene, kwa ile ya pisifera, isiyo na gamba, unapata tenera yenye gamba jembamba na nyama nyingi. Tenera ndiyo iliyojaza mashamba ya michikichi ya Asia. Nyama zaidi ni nafasi zaidi ya wale wanaoleta kufanya kazi yao. Kasi ya kila seli ni suala jingine, na linangoja vijana wetu.

Kuna hesabu ninayowapa wanafunzi ambayo huwashtua. Asidi ya palmitiki, ile inayofanya mawese yagande asubuhi ya baridi ya Bukavu, ina kaboni 16. Inataka asetili-CoA 8. Kila moja imetoka kwenye piruvati moja yenye kaboni 3. Basi kaboni 24, yaani glukosi 4 nzima, zimeingia. 16 zimebaki na 8 zimepotelea hewani. Theluthi imepotea mlangoni, kabla hata mnyororo haujaanza. Kuna faida moja upande wa pili: kila piruvati inayokatwa hutoa NADH, na mnyororo wenyewe unahitaji NADH 7 pamoja na NADPH 7, ndugu yake, ili ukamilike. Lakini kaboni ni kaboni, na mkulima analipwa kwa mafuta.

Mmea fulani umepata njia ya kuipunguza hasara hiyo. Mwaka 2004 Jörg Schwender, Fernando Goffman, John Ohlrogge na Yair Shachar-Hill walionyesha kwamba mbegu changa za kanola, ambazo ni za kijani, hutumia rubisko, kimeng'enya kinachoshika hewa ya ukaa, bila mzunguko kamili wa Calvin, ule ambao jani hutumia kutengeneza sukari. Ile hewa ya ukaa iliyotupwa na piruvati dehidrojenasi hushikwa tena na rubisko na kurudishwa kwenye njia. Mbegu inapata asetili-CoA asilimia 20 zaidi kutokana na sukari ileile, na hasara ya kaboni inapungua kwa asilimia 40. Nilipolieleza hili darasani, msichana mmoja wa nyuma alisimama akauliza, "Mwalimu, na ngazi? Ndani si ya kijani." Ni kweli. Nyama ya ngazi inayokomaa ni ya machungwa, haina mwanga wala mitambo ya kufanya hivyo kwa kiasi hicho. Darasa zima lilianza kubishana kama ingefaa kuifundisha ngazi kufanya kama kanola, na kengele ilipolia hakuna aliyetoka.

Na mbarika, ule unaoota wenyewe kando ya njia zetu, una njia yake pia. Kundi la Dennis huko Kanada lilitoa plastidi kutoka mbegu zake changa na kukuta mwaka 1992 kwamba malati inazilisha vizuri zaidi kuliko piruvati yenyewe, kwa sababu malati ikivunjwa ndani ya plastidi hutoa piruvati pamoja na NADPH kwa mara moja. Mletaji ni yuleyule mwishoni, piruvati dehidrojenasi, lakini njia ya kumfikia si moja kwa kila mbegu.

Sasa asetili-CoA iko ndani. Moja tu ndiyo inayoanzisha mnyororo kama ilivyo. Zile 7 nyingine lazima kwanza zipite kwa asetili-CoA kaboksilasi, ambayo huibandika kila moja kaboni ya tatu kutoka bikaboneti, ikitumia biotini kama mkono na ATP moja kama malipo. Inazaliwa malonili-CoA. Salih Wakil na wenzake huko Wisconsin waliona mwaka 1958 kwamba bila bikaboneti ujenzi hauendi, na jambo la ajabu ni kwamba kaboni hiyo haionekani kamwe ndani ya mafuta. Inabandikwa, halafu inatoka tena mnyororo unapoungana. Kutoka kwake ndiko kunakousukuma muungano mbele usirudi nyuma. Mwanafunzi anayeelewa hatua hii moja ameelewa kemia kuliko aliyekariri kurasa kumi.

Hatua hiyo niliijua kwa karatasi tu hadi shangazi yangu aliponipigia simu kutoka Walungu. Yeye na wenzake wa ushirika wa wanawake walikuwa wamepanda maharagi na mahindi pamoja, msimu wa Septemba, kama wanavyofanya siku zote. Nyasi zilikuwa zimewazidi. Duka moja mjini liliwauzia dawa, likawaambia ni dawa ya magugu ya maharagi, na hawakuelezwa zaidi. "Mwalimu," alisema, "njoo uone. Wametuuzia sumu."

Maharagi yalikuwa yamesimama, ya kijani, mazuri. Mahindi yalikuwa yanakufa kwa namna ya pekee. Majani ya chini bado yalikuwa na rangi, mengine yakianza kuwa ya zambarau, lakini lile jani changa la katikati ukilivuta kidogo linatoka lote mkononi, na chini yake ni kahawia, laini, limeoza. Nilivuta mmea baada ya mmea na yote ilikuwa hivyohivyo. Nyasi za katikati ya mistari pia. Waliniletea chupa. Lebo yake ilikuwa ya Kifaransa, kwa maandishi madogo, na jina la dawa lilikuwa haloxyfop.

Tuliketi chini ya mti na nikawaeleza kadiri nilivyoweza. Tangu mwaka 1987 inajulikana kwamba dawa za ukoo huo huzuia asetili-CoA kaboksilasi. Lakini kimeng'enya hiki kina maumbo mawili. Katika ukoo wa nyasi, kile cha plastidi ni protini moja kubwa iliyobeba kazi zote, na dawa huingia ndani yake na kuikwamisha. Katika maharagi na mimea mingi mingine, ni vipande vinne tofauti vilivyoungana, na dawa haina pa kushika. Kipande kimoja kati ya hivyo hutoka kwenye jeni iitwayo accD, iliyomo ndani ya kloroplasti yenyewe. Yukiko Sasaki na wenzake wa Japani waliionyesha kwenye njegere mwaka 1993. Nyasi zimeipoteza jeni hiyo. Na mahindi ni nyasi. Malonili-CoA ikikatika, jani changa haliwezi kujenga tando za seli mpya, kwa hiyo pale mmea unapokua ndipo panapooza kwanza. Jani la zamani limeshajengwa, linachelewa kufa.

Dawa ilikuwa halisi kabisa. Ilifanya kile inachofanya. Kilichowaumiza ni kwamba aliyeiuza hakuwauliza wanachanganya nini shambani, na kwa mwanamke wa Walungu ambaye mahindi yale ni chakula cha watoto mpaka Machi, hilo si jambo dogo. Nilikasirika, na bado nakasirika nikilikumbuka.

Walichokifanya wale wanawake baada ya hapo ndicho kilichonifurahisha. Hawakuniuliza orodha. Walianza wenyewe kupanga mazao yao katika mafungu mawili, wakiniita nithibitishe. Mtama? Nyasi. Ulezi? Nyasi. Mpunga wa mabondeni? Nyasi, utakufa. Muwa? Nyasi. Soya, karanga, viazi, muhogo wa sombe? Hivyo vina vipande vinne, vitasimama. Mzee mmoja kati yao, mama aliyekuwa kimya muda wote, akauliza kuhusu migomba. Jani ni pana, alisema, lakini mishipa yake imelala sambamba kama ya mahindi, na shina halina mti.

Lilikuwa swali la mtaalamu wa mimea. Nilimwambia mgomba ni jamaa wa nyasi kwa mbali, umo katika kundi moja kubwa na zenyewe, lakini hauko katika ukoo wenyewe, na haukupoteza accD. Kaboksilasi yake ya plastidi bado ni ya vipande vinne, kama ya ngazi. Dawa ile haitauua. Alifikiri, kisha akasema katikati ya migomba yao kuna mahindi pia, basi huko wataendelea na jembe, na dawa iliyobaki wataiweka kwa shamba la soya peke yake, na atakayeipuliza avae glavu na afunge pua. Shangazi akaandika hayo kwenye daftari la ushirika, na pembeni ya kila zao akachora alama: moja kwa nyasi, nne kwa yasiyo nyasi.